Rangi ya sebule inabanduka, na fundi ni shemeji yangu

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 38, naishi na familia yangu Uyole, hapa Mbeya. Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini limeninyima usingizi na sasa linaingia kwenye ndoa yangu. Ni rangi ya ukutani.

Tumejenga kwa miaka sita, kidogo kidogo, kwa tofali za kuchoma. Mwaka huu mwenye nyumba tuliyopanga alitaka nyumba yake mwisho wa Februari, tukaamua kuhamia kwetu hivyo hivyo. Plasta ya ndani iliisha 20 Januari. Pesa ilikuwa imebana, mume wangu akasema rangi apige mdogo wake, maana ni fundi rangi. Nikakubali. Nilimkabidhi kwa mkono wangu shilingi 140,000 za ndoo mbili za praima, ile rangi ya kwanza ya kufunga ukuta, mbali na pesa ya puti ya kulainishia plasta na rangi yenyewe. Alianza 8 Februari. Kusema kweli nilikuwa nampigia simu kila jioni kumuuliza amefika wapi. Siku tisa akawa amemaliza sebule, ambayo ni mita 5 kwa 4, na vyumba vitatu vya mita 3 kwa 3 na nusu. Ilipendeza sana. Nilipiga picha nikawatumia dada zangu wote.

Mwezi wa tano, mwanangu wa mwisho akiwa anacheza ukutani, kilibanduka kipande kikubwa kama chapati. Nimekihifadhi ndani ya daftari. Upande wa nyuma kina unga mweupe kama sembe. Tangu siku hiyo ukuta wa upande wa televisheni unaendelea kumenyeka. Chumba cha watoto kinachopakana na bafu kimetoa malengelenge kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Ukibonyeza yanapasuka, na ndani kuna kitu kama chumvi.

Nilipoingia stoo nikakuta ndoo moja tu tupu ya praima. Nikamuuliza shemeji. Akajibu, "Shem, ndoo moja ilitosha, hela iliyobaki niliongezea puti." Risiti hana. Nilipomwambia mume wangu, ambaye yuko Tunduma kikazi na hurudi mara moja kwa mwezi, alikasirika. "Huyo ni damu yangu. Hatukumlipa hata senti ya ufundi, alikula na kupewa nauli tu. Unataka nimwite mwizi?" Habari zimeshamfikia mama mkwe, naye amesema mwalimu anatafuta sababu.

Nimemleta fundi mwingine kutoka Mwanjelwa. Aligonga ukuta kwa kidole, akasema hapa praima haikupigwa, nikwangue yote, nipige praima ya mafuta nyumba nzima "ukuta ufungwe". Anataka 1,100,000 pamoja na vifaa. Mimi nina 900,000 ya mgao wa kikundi chetu, na ndani yake nilitaka nitoe vifaa vya shule vya mkubwa wangu. Tarehe 27 Julai mdogo wangu anaagwa, na kwa kuwa wazazi wetu wametangulia, wageni wa upande wa bwana harusi watapokelewa kwangu.

Nimchukue fundi mpya nikosane na ukweni? Nimrudishie shemeji kazi? Au nipake juu kwa juu shughuli ipite? Na praima ipi ndiyo sahihi? Dukani nimeonyeshwa makopo ya aina nne, kila muuzaji anasifia lake.

Ndaga fijo,
Mama wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Halijaonekana dogo kwangu. Nyumba ya miaka sita ni mifuko ya saruji uliyoihesabu mmoja mmoja na sikukuu ulizopita bila nguo mpya. Ukiiona inamenyeka baada ya miezi mitatu, lazima moyo uume.

Nikikusoma vizuri, una mashaka mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. La kwanza ni la ukuta: kwa nini rangi imeachia? La pili ni la shilingi 140,000: zilikwenda wapi? Umeyaunganisha kwa sababu uliona ndoo moja, na baada ya hapo kila kipande kinachodondoka unakiona ni ushahidi juu ya shemeji yako. Naomba tuyatenganishe kwa muda, maana ukuta unaweza kujieleza wenyewe, na maelezo yake ni mapana kuliko ya ndoo.

Chukua kile kipande kilicho kwenye daftari. Umeandika kwamba nyuma kina unga kama sembe. Hapo umeshika jambo kubwa. Rangi ikibanduka ikiwa safi kabisa nyuma, inamaanisha haikushika ilichopakwa juu yake. Ikibanduka na unga, yenyewe ilishika vizuri, ila ilishika unga, na unga ndio ulioachia ukuta. Unga huo ni puti. Pitisha kiganja penye ukuta uliobaki wazi. Kikitoka cheupe kama umefuta ubao darasani, basi puti ile haikukomaa, au haikufutwa vumbi baada ya kupigwa msasa, au praima iliyopita juu yake ilizimuliwa maji mengi mno ikashindwa kuifunga. Inaweza kuwa yote matatu kwa pamoja. Praima kwenye ukuta wa namna hii kazi yake ni kuzama ndani, kushikamanisha chembe za puti, na kuukata ukuta kiu. Rangi ya maji ina chembechembe za gundi ambazo huungana maji yanapoondoka taratibu. Ukuta wenye kiu huyanyonya maji hayo kwa pupa, na gundi inabaki haijaungana.

Sasa hesabu ya ndoo. Nimechukulia kuta zako zina kimo cha mita 2.8, nikatoa milango na madirisha. Sebule inabaki na mita za mraba kama 43, kila chumba kama 33, jumla 142. Lita moja ya praima kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 8, kwa hiyo mkono mmoja, yaani kupaka nyumba yako mara moja, ni karibu lita 18. Ndoo ni lita 20. Kwa hiyo maneno ya shemeji kwamba ndoo moja ilitosha yanawezekana. Kwenye puti yenye kiu lita moja inaweza isivuke mita 6, na hapo ungehitaji karibu lita 24. Ndoo moja itafika tu ikiongezwa maji. Unaona, mwanangu, hesabu haimsafishi wala haimtii hatiani. Inaonyesha tu kwamba yule fundi wa Mwanjelwa aliposema "praima haikupigwa" baada ya kugonga kwa kidole, alisema zaidi ya kile kidole kinachoweza kujua.

Kuna tarehe mbili ulizoziandika bila kuzitilia maanani, nami nilizirudia mara kadhaa: 20 Januari na 8 Februari. Siku 19. Plasta mpya ya saruji kwa kawaida huachwa angalau siku 28 kabla ya rangi, na hizo ni siku za hali ya hewa nzuri. Mbeya mwezi wa Februari ni mvua juu ya mvua. Ukuta wako ulikuwa bado umejaa maji, na maji hayo yana alkali kali ya saruji, jamii ya kostiki. Mtu aliyepewa ukuta huo, akafanya kazi bila kulipwa huku akipigiwa simu kila jioni, alipaswa kukwambia, "Shem, tusubiri." Fundi mzuri angesema. Lakini jiulize kama siku ile ungemsikiliza, mwenye nyumba akiwa anataka nyumba yake. Sisemi hivi kukuhamishia lawama. Nasema kwa sababu ukimwita kumuuliza, naye ataanzia hapo hapo, na ni vizuri uwe umeshapafikiria.

Mimi mwenyewe niliwahi kuharakisha. Nilipojenga Iringa nilipiga rangi ya mafuta kwenye jiko ambalo plasta yake haikuwa na mwezi, nikijua rangi ya mafuta hufutika kirahisi masizi. Baada ya muda ukuta ukawa unanata. Nilipoukwaruza kwa ukucha, rangi ikaja laini, inateleza, kama kipande cha sabuni kilicholala kwenye maji. Na kweli ilikuwa sabuni. Anayepika sabuni kwa mawese ya Kyela na kostiki anachanganya mafuta na alkali; mimi nilifanya hivyo hivyo ukutani. Nilikwangua jiko zima kwa mikono yangu. Ndiyo maana nikisikia mtu anashauri praima ya mafuta "nyumba nzima" kwenye plasta ya mwaka huu huu, nashtuka kidogo.

Hapo tuingie chumba cha watoto, maana huo ni ugonjwa mwingine kabisa. Malengelenge ya chini, usawa wa goti, yenye chumvi ndani, kando ya bafu: hayo ni maji. Maji hupita kwenye tofali, yanayeyusha chumvi zilizomo, yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki ikiisukuma rangi. Praima iwe imepigwa au haikupigwa, malengelenge yangekuja. Swali ni maji yanatoka wapi. Inaweza kuwa bomba au kiungo cha bafu kinachovuja, inaweza kuwa maji yanayopenya kwenye sakafu ya bafu, inaweza kuwa ardhi yenyewe kama ile nailoni nyeusi ya kuzuia unyevu haikutandikwa juu ya msingi, au ni yale maji ya plasta ambayo hayajamaliza kutoka. Kama kuta nyingine zinazogusa msingi ni nzima, ningeanza kulitazama bafu. Fungeni bafu hilo siku tatu nne, muoge kwingine, mwangalie kama ukuta unabadilika. Kama bomba lina mita, funga koki zote usiku na usome mita kabla ya kulala na asubuhi.

Jaribio jingine halina gharama. Kata kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Kwangua malengelenge, pafute pakavu, bandika nailoni kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Acha siku nzima, saa 24. Ukikuta matone upande wa ndani unaotazama ukuta, ukuta ndio unaotoa maji. Ukikuta ukungu upande wa nje tu, ni hewa ya chumba, na hilo kwa baridi ya kwetu ni la kawaida. Fanya hivyo kwa watoto na sebuleni pia, ujue unashughulika na nini kabla hujatoa hata shilingi.

Umeuliza kuhusu makopo manne. Sikuwepo dukani, ila aina zinazouzwa kwa kawaida nazijua. Ipo praima ya maji ya kuzuia alkali; hiyo ndiyo ya plasta mpya na kuta nyingi za ndani zilizo ngumu na kavu. Ipo nyingine nyepesi kama maji, inayopenya, ya kufunga kuta zenye unga. Hiyo inaihusu sebule yako. Ipo praima ya mafuta, inayofaa mbao, na kuta kavu za zamani zenye masizi au madoa ya maji yanayotokeza kila ukipaka, mradi kwanza uzioshe na chanzo cha doa kiwe kimekoma. Na ipo ya chuma, ya mageti na nondo za madirisha, ambayo wauzaji wengine huiuza kwa lolote. Soma kopo. Limeandikwa kiasi cha maji ya kuongeza na muda wa kungoja kati ya mkono na mkono. Fundi akimimina maji kwa jagi bila kupima, mwambie apime. Na anayezimua praima ya mafuta kwa petroli mkatalie kabisa, kwa sababu mvuke wake unashika moto, na ndani mnalala watoto.

Sasa njia ulizozitaja. Kupaka juu kwa juu ili shughuli ipite naielewa, na ni rahisi zaidi kwa mfuko. Hatari yake ni kwamba rangi mpya ikikauka hujikunja na kuivuta ile ya chini, ambayo imekaa juu ya unga. Unaweza kuamka asubuhi ya tarehe 27 ukakuta ukuta umeachia zaidi ya jana. Ukiamua hivyo, angalau kwangua kila kilicholegea hadi ufike penye kushika, piga msasa kingo, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, subiri pakauke, piga ile praima ya kupenya, ndipo rangi. Mabaka yataonekana kwa mbali. Kama mapambo ya siku hiyo yatakuwa na vitambaa ukutani, huenda hakuna atakayeyaona.

Kukwangua sebule peke yake na kuacha chumba cha watoto wazi, bila rangi yoyote, hadi chanzo cha maji kipatikane na ukuta ukauke miezi hii ya kiangazi, kutakugharimu kidogo kuliko nyumba nzima. Hatari yake ni ya macho: mama mkwe atapita, ataona ukuta mtupu, na atasema. Na chumba hicho kinaweza kuhitaji kungoja hadi Septemba au Oktoba.

Fundi wa Mwanjelwa anaweza kuwa hodari. Kwa sebule, neno lake la kufunga ukuta halikuwa mbali na ukweli, kama alimaanisha praima ya kupenya juu ya ukuta mkavu. Ningependa tu kusikia anavyojibu ukimuuliza, "Na maji ya chumba cha watoto utayafanyaje?" Jibu lake litakusaidia kuliko bei yake. Hatari ya kumpa kazi unaijua tayari, nayo haiko ukutani. Pia 1,100,000 inazidi ulichonacho, na vifaa vya shule vya mtoto vimo humo humo.

Shemeji je? Akirudi, ukoo unatulia. Hatari ni kwamba mtu anayerudishwa kwa aibu anaweza kufanya kazi ya kumaliza aibu, haraka haraka, na wewe ukashindwa kumsimamia kwa kuogopa maneno. Kama unaiona njia hii, mpe kwanza kipande cha mita moja ya mraba, sebuleni, pale pabaya. Akwangue, afunge, apake mikono miwili. Kaeni wiki. Kisha kata mistari midogo ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu, ivute kwa mkupuo. Rangi ikibaki ukutani mnaendelea. Ikija na selotepu, mmepoteza mita moja tu. Na safari hii, kama uwezo upo, mlipe kitu cha ufundi. Ukimlipa unapata ulimi wa kumwambia "rudia hapa", jambo ambalo kwa kazi ya bure linakuwa zito. Ila hilo ni la kuzungumza na mume wako, kwa sababu yeye huenda hatetei rangi hata kidogo. Nikisoma maneno yake nasikia mtu anayeona aibu kwamba mdogo wake alifanya kazi siku tisa kwa nauli. Mngojee arudi, usilizungumze kwa simu. Mwonyeshe kipande, mwonyeshe nailoni, mpe tarehe zile mbili.

Na ile 140,000? Muulize shemeji mwenyewe, mkiwa wawili au na kaka yake, si mbele ya mama mkwe. Muulize puti aliongeza mifuko mingapi na alinunua duka gani. Aliyenunua kweli hukumbuka. Kama hakununua, utajua kwa anavyojibu, na hapo utaamua kama mwanamke wa nyumba hiyo kiasi gani unaweza kumeza na kiasi gani huwezi. Hilo sitakuamulia.

Yeyote atakayepaka, Juni na Julai asianze asubuhi mapema. Rangi ya maji haiungani vizuri kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, na usiku wetu hushuka chini ya hapo. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri panatosha, madirisha wazi. Wala msikubali mtu akaushe chumba kwa jiko la mkaa milango ikiwa imefungwa. Najua kwetu huku watu wanalala na jiko ndani wakati wa baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imeshaondoa familia za watu usingizini.

Bandika nailoni jioni ya leo kama unaweza, vyumba vyote viwili. Kesho jioni ukiibandua, niandikie matone umeyakuta upande gani.